Utafiti Shirikishi Bukavu: Kutoka Lwiro hadi Muhumba

Muhumba ni mojawapo ya rasi za mji wa Bukavu, Kivu Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, zinazoingia katika Ziwa Kivu, katika komini ya Ibanda. Zamani za ukoloni, mji ulipoitwa Costermansville, ufuo huo ulikuwa wa nyumba za Wazungu, nao wafanyakazi Waafrika walitengewa makazi ya Kadutu. Leo Muhumba ina ofisi na makazi ya mashirika ya misaada. Umbali kati ya ofisi za mjini na mashamba ya milimani ndio ambao utafiti shirikishi umejaribu kuupunguza.

Mwanzoni wanavijiji walikuwa wa kuchunguzwa tu. Mwaka 1947 Wabelgiji waliunda taasisi ya utafiti ya IRSAC, ambayo ilijengewa makao makuu Lwiro, kaskazini mwa Bukavu. Huko madaktari walichunguza bwaki, utapiamlo uliokuwa ukiwadhoofisha watoto wa Bushi, eneo la Washi. Matokeo yalisomwa zaidi Ulaya kuliko Kabare, wilaya iliyo na Lwiro yenyewe.

Mwaka 1965, mjini Bukavu, ilianzishwa kamati iliyoitwa Comité Anti-Bwaki, mojawapo ya mashirika ya kwanza ya kiraia nchini. Ilianza kwa kupambana na ugonjwa huo, kisha ikaingia katika kilimo na maendeleo ya vijiji, kwa kuwa dawa pekee haikuweza kumaliza njaa.

Miaka michache baadaye njia mpya ya utafiti, ile iitwayo shirikishi, ilichipuka Tanzania. Katika miaka ya 1970, Budd Hall wa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, Dar es Salaam, na Marja-Liisa Swantz kutoka Finland walitetea utafiti ambao wananchi wenyewe huchagua swali, huchambua majibu na kuyatumia. Mradi wa Jipemoyo, ulioanza mwaka 1975 katika eneo la Bagamoyo, uliwashirikisha wakulima na wafugaji.

Kivu Kusini njia hiyo ilipata kazi ngumu zaidi baada ya vita vilivyozuka 1996 na 1998. Taasisi ya Uswidi, Life & Peace Institute, iliyofanya kazi Kongo tangu 2002, ilishirikiana na mashirika ya Bukavu kama ADEPAE, APC na RIO. Katika wilaya ya Kalehe suala lilikuwa ardhi. Katika wilaya za Uvira na Fizi lilikuwa pia njia za ng'ombe wanaohamishwa msimu wa kiangazi. Kwanza kila jamii ilieleza mgogoro kwa upande wake. Uchambuzi ulioandikwa ukarudishwa kwa wenyeji waukosoe, mazungumzo yakafanyika ndani ya kila jamii, na ndipo jamii zote zikaketi pamoja kutafuta mapatano.

Mipaka ya njia hiyo ilionekana pia. Mapatano ya kijijini hayawezi kuzuia vikundi vyenye silaha vinavyosukumwa na maslahi ya mbali, na mara nyingi mfadhili ndiye anayepanga muda na bajeti. Mwaka 2020 kilichapishwa kitabu cha Bukavu Series, ambamo watafiti wa Kongo walieleza jinsi wanavyobeba hatari za kukusanya taarifa huku majina yao yakiachwa nje ya machapisho.

Kwa hiyo kuwakusanya wanavijiji mkutanoni hakutoshi kuufanya utafiti uwe shirikishi. Kipimo chake ni nani aliyechagua swali, na matokeo yamerudi kwa nani.