Tezo ya Kwanza: Uchongaji wa Wamunyu Ulikotoka na Unakoelekea

Mtu wa Wamunyu akisema karo yake ilitoka kwenye kinyago, hakuna anayeshangaa. Wengi wetu tunaofanya kazi Nairobi, Mombasa na kwingineko tulisomeshwa na mzee aliyekaa juu ya gogo, tezo mkononi. Kabla ya kutoa mchango wa mwaka huu, tuikumbuke historia ya kazi hiyo, maana ndiyo inayotuonyesha pa kuziweka pesa zetu.

Wakamba walichonga tangu zamani: vigoda, vijiko, pinde na mizinga ya nyuki. Hivyo vilikuwa vyombo vya kutumia nyumbani. Vinyago vya kuuza vililetwa na vita. Kati ya 1914 na 1918 Waingereza waliwachukua vijana wengi wa Ukambani kuwa wapagazi katika vita dhidi ya Wajerumani, katika nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika. Kikosi hicho cha wapagazi ndicho kilichoacha jina la Kariokor Nairobi na Kariakoo Dar es Salaam. Miongoni mwao alikuwamo Mutisya Munge wa kwetu Wamunyu. Masimulizi ya nyumbani yanasema kwamba huko alikaa na wachongaji wa Kizaramo, akautazama mkono wao, akajifunza.

Aliporudi alichonga na kuuza, na ujuzi ukaenea kutoka kwake kwa jamaa zake, kisha kwa majirani. Vita vya pili vilileta wanunuzi wengi wanajeshi, na baada yao wakaja watalii. Wachongaji wa kwetu wakalifuata soko hadi mijini. Mwaka 1963 ushirika wa wachongaji wa Kikamba ulianzishwa Changamwe, Mombasa. Wamunyu nako kukawa na ushirika wake.

Katika historia yote hiyo hapakuwa na darasa. Anayeanza alipewa msasa kwanza, asugue kazi za wengine mpaka vidole vilijue umbo. Kisha akapewa kijiko, baadaye mnyama mdogo. Tezo yake ya kwanza kwa kawaida ilikuwa ya baba au mjomba, iliyofuliwa na mhunzi kutokana na springi ya gari. Munge mwenyewe alijifunza kwa kukaa karibu na watu wenye vyombo. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba uchongaji uko kwenye damu. Ulienea kwa sababu kila anayeanza alipata mambo mawili: chombo kinachofaa, na fundi wa kumkalia karibu.

Leo mafundi bado wapo, ila vyombo vya kumwazima kijana vimepungua. Karakana nyingi za familia zimebaki na mzee mmoja na tezo zake mbili, ambazo hawezi kuziachia maana ndizo chakula chake. Kijana anayetaka kuanza hushika panga na kisu cha jikoni. Chombo butu humlazimu kutumia nguvu, kikiteleza humkata. Baada ya majeraha mawili matatu anaacha, nasi tunasema vijana wa siku hizi hawapendi kazi.

Mbao nazo zina historia. Wazee walichonga mpingo na muhugu, miti migumu inayokua polepole, na muhugu ulikatwa hadi ukaadimika. Ndiyo maana tangu miaka ya 1990 wachongaji wamehimizwa kutumia mwarobaini, mwembe na jakaranda, miti inayokua upesi na inayopatikana mashambani. Kwa anayeanza hii ni heri, kwa sababu jakaranda ni laini na humsamehe asiyezoea. Linalohitajika ni subira. Mti mbichi huchongeka kwa urahisi lakini hupasuka ukikauka haraka, kwa hiyo kazi hukaushwa kivulini, polepole.

Kwa ajili hiyo, harambee ya mwaka huu inaomba vyombo vya wanaoanza. Seti moja ina tezo kubwa ya kupunguza gogo, tezo ndogo ya kutoa umbo, kisu cha kuchongea, patasi mbili na nyundo ya mbao, msumeno wa mkono, tupa, msasa na kinoo. Tafadhali msikidharau kinoo. Mwanafunzi atafundishwa kunoa kabla ya kuchonga, kwa kuwa tezo bila kinoo ni butu baada ya siku chache. Tezo zenyewe tunapendekeza zifuliwe na wahunzi wa kwetu, ili pesa zizunguke nyumbani.

Sisi tunaoshika vitabu vya hesabu vya chama tunauona mchango huu tofauti na mingine. Msasa utakwisha, lakini tezo iliyotunzwa hudumu miaka mingi. Kila seti itaandikwa kwenye daftari kama mali ya chama na kuwekwa chini ya fundi mmoja. Kijana atakapojinunulia vyombo vyake, seti itampokea mwingine.

Ndugu zetu, kila mmoja wetu achangie kadiri awezavyo. Asiye na pesa nyingi anaweza kutoa kinoo kimoja, na mwenye mti wa mwembe uliozeeka shambani atoe gogo. Karo yetu ililipwa na mtu aliyeaziwa tezo. Sasa ni zamu yetu kuazima.