Lango la India, Mumbai
Ewe mgeni, lango hili la mawe ya manjano, lenye kimo cha mita 26, lililosanifiwa na George Wittet kwa kufuata ujenzi wa Gujarat wa karne ya 16, ni ukumbusho wa kushuka hapa Mfalme George wa Tano na Malkia Mary, Disemba 1911; walakini siku ile ujenzi ulikuwa haujaanza, na Mfalme alioneshwa kielelezo cha karatasi ngumu tu. Lilifunguliwa 1924.

Inua macho uyatazame madirisha ya mawe yaliyotobolewa mfano wa kimia, kazi ya mikono yenye ustadi adhimu.

Tarehe 28 Februari 1948, India ikiwa imekwisha kuwa huru, askari wa mwisho wa Kiingereza walipita chini ya tao hili wakaenda zao baharini, na kwa siku hiyo hasa lango lastahili kuhifadhiwa.

Tafadhali usiandike wala kukwaruza ukutani.