Hadithi za Kale na Sinema za Watoto

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, Handeni na Korogwe

Leo somo letu ni la historia, lakini si historia ya vita. Ni historia ya hadithi. Tutauliza swali moja: hadithi ya kale inapotiwa katika sinema ya watoto, ni jambo gani hubaki, na ni jambo gani huondolewa?

Kwanza tufahamu sinema ya katuni ni kitu gani. Ni picha nyingi zilizochorwa, kila moja ikitofautiana kidogo na ile iliyotangulia. Zikipitishwa upesi, kwa kawaida picha 24 kwa sekunde moja, jicho huziona kama zinatembea. Hesabuni wenyewe: dakika moja ni picha 1,440. Siku hizi kompyuta husaidia, lakini kazi bado ni kubwa na gharama yake ni kubwa. Mwenye kulipa gharama hiyo hutaka watu wengi waje kutazama pamoja na watoto wao. Kwa hiyo huogopa kumtisha mtoto, na huogopa kumuudhi mzazi. Hapo ndipo hadithi huanza kukatwa na kuongezwa.

Tuchukue mfano. Mwaka 1937 Walt Disney wa Marekani alitoa sinema ya binti aitwaye Snow White, maana yake Mweupe kama Theluji. Hadithi hiyo ilikuwa imechapwa Ujerumani mwaka 1812 na ndugu wawili, Jacob na Wilhelm Grimm. Katika kitabu chao, malkia mwovu alivikwa viatu vya chuma vilivyochomwa moto, akacheza navyo mpaka akafa. Katika sinema, malkia huanguka kutoka juu ya jabali. Katika kitabu, wale vibete saba hawana majina. Katika sinema, kila mmoja ana jina lake na tabia yake, ili watoto wacheke.

Lakini msidhani kwamba sinema ndiyo iliyoanza kugeuza. Katika chapa ya 1812, mwanamke aliyetaka kumwua binti alikuwa mama yake mzazi. Katika chapa ya 1819, ndugu Grimm walimgeuza akawa mama wa kambo. Hadithi haijawahi kukaa mahali pamoja. Kila msimulizi huikata kwa kipimo cha watu walio mbele yake. Hata bibi, akiona mjukuu ameanza kutetemeka, hulipunguza lile zimwi.

Basi, ikiwa kila mtu hugeuza, twaweza kusema mgeuzo huu ni mzuri na huu ni mbaya? Ndiyo. Tuitazame hadithi ya kwetu.

Mwaka 1870 kitabu cha hadithi za Kiswahili kilichapwa London. Aliyezikusanya kutoka kwa wasimulizi wa Unguja alikuwa Edward Steere, padri wa misheni ya UMCA, ambaye baadaye alikuwa askofu. Misheni hiyo ndiyo iliyofanya kazi pia Magila na Korogwe. Katika kitabu hicho imo hadithi ya Sultani Darai. Maskini mmoja alikuwa akichakura jaani kutafuta punje za mtama. Akapata thumuni, akanunua paa. Paa yule akaokota almasi, akaenda kwa sultani wa mji mwingine, akasema bwana wake ni mkubwa lakini amenyang'anywa nguo njiani. Kwa werevu huo maskini akapata mavazi, akapata na binti wa sultani. Kisha paa akamwua nyoka mwenye vichwa saba, nyumba na mali ya nyoka ikawa ya bwana wake.

Hadithi inayofanana sana na hiyo ilichapwa Ufaransa mwaka 1697 na Charles Perrault. Huko mnyama ni paka mwenye viatu, naye pia husema bwana wake ameibiwa nguo. Lakini mwisho si mmoja. Paka wa Ufaransa huwa mkubwa, akastarehe. Paa wa Unguja huugua, na bwana wake, ambaye sasa ni tajiri, hamjali. Huamuru apewe uji wa mtama tu. Paa hufa kwa uchungu, na mzoga wake hutupwa kisimani. Baadaye yule bwana hulala katika nyumba nzuri, akaota anachakura jaani. Alipoamka, ndoto imekuwa kweli.

Mwaka 2011 ilitoka Marekani sinema ya katuni juu ya paka yule mwenye viatu. Paka amekuwa shujaa wa upanga, na kijana bwana wake hayumo kabisa. Sinema hiyo yachekesha, wala hakuna aliyedhulumiwa. Sasa fikirini: mtu akitaka kufanya katuni ya Sultani Darai, ataweza kuokoa maisha ya paa ili watoto wasilie? Aweza, lakini atakuwa ameua hadithi. Wazee hawakuisimulia ili kumsifu paa tu. Waliisimulia ili kukanya utovu wa shukrani. Hiki ndicho kipimo chetu. Viatu vya moto vya malkia vyaweza kuondolewa, maana uovu wake bado umelipwa. Kifo cha paa hakiwezi kuondolewa.

Afrika Mashariki nayo imetengeneza katuni. Mwaka 2010 televisheni ya Uingereza ilianza kuonyesha Tinga Tinga Tales, mfululizo uliotengenezwa Nairobi, ukieleza kwa watoto kwa nini kila mnyama yuko alivyo. Michoro yake ilifuata mtindo wa Edward Saidi Tingatinga. Mtu huyo alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akafanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga, kisha akaanza kuchora Dar es Salaam. Alikufa mwaka 1972.

Na hadithi yenu wenyewe? Abdallah bin Hemedi aliandika habari za Mbegha, mwindaji aliyetoka Kilindi, ambayo zamani ilikuwa ndani ya Wilaya ya Handeni. Mbegha alivuka mto Pangani, ule ule upitao Korogwe, akapanda Usambara. Akawapa watu nyama ya nguruwe, akaua simba huko Vugha, akafanywa mfalme. Habari hiyo ingependeza sana katika katuni. Lakini Mbegha aliondoka kwao kwa sababu alikuwa kigego: aliota meno ya juu kwanza, na mtoto wa namna hiyo kwa desturi aliuawa. Yeye hakuuawa, na wazazi wake walipokufa ndugu zake wakamkataa. Mtoto mdogo hana haja ya kuona damu. Lakini jambo hilo likifutwa lote, hatajua kwamba aliyekataliwa na nduguze ndiye aliyepokewa na wageni akawatawala.

Ndugu wanakisomo, watoto wenu wataona katuni katika simu na televisheni. Msiwakataze kwa sababu hiyo tu. Kaeni nao, kisha waambieni yaliyoachwa. Asiyejua hadithi ya kwao hawezi kutambua ilipokatwa. Nanyi mnaojifunza kuandika mna deni: hadithi isiyoandikwa huondoka na mwenye kuisimulia.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kwa nini ndugu Grimm walimgeuza mama mzazi kuwa mama wa kambo?
2. Mngewaonyesha watoto habari ya kigego kwa njia gani?
3. Andikeni hadithi moja mliyosimuliwa na wazee. Pigeni mstari chini ya jambo ambalo likiondolewa, hadithi hufa.

Kwaherini.