Nani Huitwa Mmarekani?



Kamati ya mkutano wetu imeniomba nijaze kurasa hizi kwa jambo la historia, nami nimechagua neno moja ambalo sote hulitamka kila siku bila ya kulitazama: Mmarekani. Hebu sikilizeni tunavyolitumia majumbani mwetu. Mtu akisema amekutana na Mmarekani kazini, wasikilizaji hufahamu kuwa ni mtu mweupe. Akiwa mweusi, tunamwongezea neno, awe Mmarekani mweusi. Akiwa wa asili ya China tunamwita Mchina, hata kama babu ya babu yake alizaliwa San Francisco. Na watoto wetu, waliozaliwa katika hospitali za nchi hii na wasioijua nyingine, huambiwa na wazee kuwa wao si Wamarekani, ila wamezaliwa Marekani tu. Baadhi yao hukasirika, wengine hunyamaza. Nchi hii imebishana juu ya neno hilo tangu kuasisiwa kwake, na maana tuitumiayo sisi ndiyo ile kongwe kabisa.

Kwetu pwani wengi walilijua neno hilo kwa nguo. Wafanyabiashara wa Salem, katika Massachusetts, walileta Unguja kitambaa cha pamba ambacho wazee wetu walikiita merikani, na kikavaliwa hadi bara ya mbali. Sayyid Said alifanya mkataba na Marekani mwaka 1833, na mwaka 1837 balozi wao mdogo akafungua ofisi Unguja. Mwaka 1840 jahazi la Sayyid, Sultana, lilitia nanga New York likiwa na mjumbe wake, Ahmad bin Na'aman. Mjumbe yule alipokewa kwa heshima, watu wakajazana kumtazama, na picha yake ikachorwa. Walakini, lau angependezwa na mji akataka kubaki na kuomba uraia, angekutana na sharti lililowekwa na sheria ya kwanza ya tajnisi, ya mwaka 1790: mgeni aombaye uraia sharti awe mtu huru na mweupe. Heshima ya mgeni ni jambo moja, na kuhesabiwa mwenyeji ni jambo jingine.

Waliozaliwa hapa nao hawakuwa salama. Dred Scott, mtumwa mzaliwa wa Virginia, alidai uhuru wake kwa kuwa bwana wake alimpeleka kuishi katika ardhi isiyoruhusu utumwa. Mwaka 1857 Jaji Mkuu Roger Taney alitamka kuwa mtu wa asili ya Afrika, awe mtumwa au huru, hawezi kuwa raia wa Marekani. Ilibidi vita vipiganwe, kuanzia 1861 hadi 1865, ndipo yakaja Marekebisho ya 14 ya Katiba mwaka 1868, yanayosema kuwa kila aliyezaliwa au kupewa uraia Marekani, na aliye chini ya mamlaka yake, ni raia. Maneno hayo yaliandikwa kwa ajili ya watu wale wale ambao sisi leo hatuwaiti Wamarekani mpaka tuwataje kwa rangi.

Mwaka 1870 sheria ya tajnisi nayo ililegezwa. Seneta Charles Sumner alitaka neno mweupe lifutwe kabisa. Wenzake wakakataa, kwa kuwaogopa Wachina. Badala yake wakaongeza tu watu waliozaliwa Afrika na wenye asili ya Afrika. Basi mlango ukawa na matundu mawili, moja la weupe na jingine la weusi, na kila aliyekuwa kati yao akalazimika kwenda mahakamani kueleza ngozi yake. Takao Ozawa, Mjapani aliyesoma California na kuwalea wanawe kwa Kiingereza, alikataliwa na Mahakama ya Juu mwaka 1922, kwa hoja kuwa mweupe ni yule ambaye wataalamu humhesabu katika jamii ya Kaukasi. Miezi mitatu baadaye alifika Bhagat Singh Thind, mzaliwa wa Punjab aliyelitumikia jeshi la Marekani, akasema vyema, wataalamu hao hao wananihesabu mimi katika jamii hiyo. Mahakama ikajibu kuwa hoja si wataalamu, bali ni jinsi mtu wa kawaida anavyoelewa. Hukumu zote mbili ziliandikwa na jaji mmoja, George Sutherland. Baadhi ya Wahindi waliokwisha kupewa uraia wakanyang'anywa.

Hapa nawaomba tuitazame jamaa yetu wenyewe. Katika ukoo mmoja wa mwambao huweza kukutana bibi wa Kinyamwezi, babu wa Kihadhrami na mjomba aliyezaliwa na mama wa Kihindi. Tuwaweke watu watatu wa nyumba hiyo mbele ya jaji wa Marekani, miaka baada ya hukumu ya Thind. Mwenye asili ya Afrika angeweza kuomba uraia. Wa Kihindi asingeweza mpaka mwaka 1946. Wa Kiarabu angetegemea jaji aliyemwangukia: mwaka 1942 jaji wa Detroit alimkataa mtu wa Yemen, na mwaka 1944 jaji wa Massachusetts akamkubali Mwarabu mwingine. Na aliyechanganyika damu zote tatu, kama tulivyo wengi wetu, sijui jaji angemweka wapi. Ubaguzi huo wa rangi katika tajnisi haukufutwa mpaka mwaka 1952.

Aliyewafungulia mlango watoto wetu ni mpishi wa Kichina. Wong Kim Ark alizaliwa San Francisco kwa wazazi ambao sheria haikuwaruhusu kuwa raia. Mwaka 1895 alirudi kutoka safari ya China, akazuiwa kushuka, akawekwa melini miezi kadhaa. Aliishtaki serikali, na mwaka 1898 majaji sita kwa wawili wakaamua kuwa ni raia kwa kuzaliwa. Hata hivyo, mwaka 1901 alikamatwa tena El Paso, Texas, akidaiwa kuwa amo nchini kinyume cha sheria. Ushindi wake haukumfikia John Elk, mwenyeji wa asili aliyetaka kupiga kura Omaha. Yeye alikwisha kuambiwa mwaka 1884 kuwa si raia kwa sababu alizaliwa chini ya kabila lake. Wenyeji wa asili wote wa nchi hii hawakupewa uraia mpaka mwaka 1924, na hilo kwangu ndilo la ajabu kuliko yote.

Yaliyofuata tumeyaona kwa macho. Barack Obama, mzaliwa wa Honolulu na mwana wa baba wa Kenya, alionyesha cheti chake cha kuzaliwa mwaka 2008, na mwaka 2011, akiwa Rais, ikambidi aonyeshe kirefu zaidi. Mpinzani wake wa 2008, John McCain, alizaliwa katika eneo la Mfereji wa Panama, nje ya majimbo yote. Baraza la Seneti likapitisha azimio la kumthibitisha, na maneno yakaisha. Tarehe 20 Januari 2025 ilitiwa saini amri ya Rais iliyokusudia kuwanyima uraia watoto ambao wangezaliwa hapa baadaye na wazazi wasio na kibali, au wenye viza za muda kama za masomo. Siku tatu baadaye jaji wa Seattle aliizuia. Katika kuitetea, mawakili wa serikali waliitaja hukumu ile ya John Elk.

Wengi katika chama chetu walizaliwa wakati baba na mama wakiwa wanafunzi wenye viza za masomo. Kwa hiyo, wazee wangu, neno hili mnapolitamka mezani mbele ya vijana, mfahamu kuwa wapo wengine wanaolitamka hivyo hivyo, tena wakiwa na kalamu mkononi.

Majina ya watoto waliozaliwa tangu mkutano wetu uliopita yamo katika ukurasa unaofuata. Kila jina limeandikwa pamoja na mji wa kuzaliwa, na wazazi wanaombwa kusahihisha makosa kabla ya kuondoka.