Tundu dogo, picha kali: habari za Group f/64

Kule hosteli kuna ubishi wa picha za simu, wapi uso umekaa kali na nyuma kuna ukungu. Kwa simu nyingi ukungu ule unatengenezwa na programu tu. Zamani ulitoka kwenye tundu la lenzi, na watu waligombana kweli kwa ajili yake.

Kwanza namba, maana ndizo zinazochanganya. F/2, f/8, f/16: namba ikipanda, tundu linasinyaa. Ni kugawanya tu. Lenzi ya milimita 50 kwenye f/2 ina tundu la milimita 25, kwenye f/16 linabaki milimita 3 na kidogo. Tundu likiwa pana, kitu kilicho mbele au nyuma ya pale ulipolenga kinatandaa na kuwa madoa. Likibanwa, madoa yanakuwa madogo mpaka jicho linayaona kama nukta, basi jiwe la miguuni na mlima wa mbali vyote vinatulia kwenye picha moja.

Sasa historia. Mwishoni mwa karne ya 19 wapiga picha wengi walitaka waitwe wasanii, wakaiga wachoraji kwa picha laini laini. Uingereza, P. H. Emerson aliandika kitabu mwaka 1889 akidai hata jicho huona sehemu moja vizuri na pengine hafifu, kwa hiyo picha nayo iwe hivyo. Haikupita miaka miwili, huyo huyo akakana kwamba upigaji picha ni sanaa. Wasomi bwana!

Waliokuja kupinga ule ulaini walikuwa wapiga picha wa California. Novemba 1932, kwenye jumba la makumbusho la de Young, San Francisco, walifungua maonyesho kwa jina la Group f/64. Humo walikuwemo Ansel Adams, Edward Weston, Imogen Cunningham, Willard Van Dyke na wenzao. Jina lilikuwa tundu lenyewe: dogo kabisa kwenye kamera zao kubwa za miguu mitatu. Walitaka kila jani lionekane, bila kuremba.

Lakini tundu dogo lina bei. Kutoka f/8 mpaka f/64 mwanga unapungua mara 64. Picha iliyotaka sekunde 1/64 sasa inataka sekunde nzima, na mtu akigeuka tu kaharibika. Mawe, miti na pilipili hoho (ile ya Weston ya mwaka 1930 mtafute muione) havigeuki. Sawa, walipiga na sura za watu, ila mimi naona tundu lenyewe liliwasukuma kwenye vitu vilivyotulia.

Na hapo ndipo lawama zilipotoka. Marekani ilikuwa kwenye mdororo mkubwa wa uchumi, watu hawana kazi. Mwaka 1933, mji ule ule, Dorothea Lange, ambaye hakuwa mwanachama, alipiga picha ya foleni ya wasio na kazi wakisubiri chakula. Kwa nini upige jabali kwa ustadi wote ule wakati foleni iko mtaa wa pili? Adams alijibu maisha yake yote kwamba milima nayo ina haki ya kutazamwa, na picha zake zilisaidia kupatikana kwa hifadhi ya Kings Canyon mwaka 1940. Van Dyke yeye aliondoka California akaenda kutengeneza filamu za maisha ya watu. Kufikia 1935 kundi lilishakufa.

Nani alikuwa sahihi? Tupieni maoni. Mimi nawahi semina.