Harufu ya choo haifukuzwi kwa marashi

Ndugu msikilizaji, majuma machache yaliyopita nilipokea barua ya msikilizaji mmoja wa Sinza, Dar es Salaam, iliyonichekesha kwanza na kunifikirisha baadaye. Anaeleza kwamba kaka yake aishiye Marekani alikodi gari-nyumba, yaani lile gari kubwa lenye vitanda, jiko na choo ndani yake, akaipakia familia kwenda kutembea. Siku ya tatu harufu ya choo iliwatoa nje, wakalala kwenye hema. "Kumbe hata huko choo kinanuka?" anauliza.

Kinanuka, ndugu yangu. Choo hakijui Ulaya wala Afrika. Binadamu amepigana na harufu hiyo kwa karne nyingi, na katika vita hivyo ametumia mbinu tatu: kuifunika, kuisukumia kwa jirani, na kuikata kwenye chanzo chake. Mbili za kwanza ni rahisi, ndiyo maana zinapendwa.

Tuanzie Uingereza. Mwaka 1596 Sir John Harington, mtoto wa ubatizo wa Malkia Elizabeth wa Kwanza, aliandika kitabu kuhusu choo cha kuvuta maji alichokibuni, na Malkia naye akawekewa kimoja. Kilikuwa kitu cha ajabu kwa wakati ule, lakini kilikuwa na kasoro. Penye njia iliyo wazi ya uchafu kushuka, pana njia ya hewa kupanda, na hewa ya shimoni ilipanda hadi ndani.

Ilipita karibu miaka 180 kabla ya dawa kupatikana. Mwaka 1775 Alexander Cumming, fundi saa wa Kiskochi aliyefanya kazi London, alipata hati ya kulinda ubunifu wake wa choo ambacho bomba lake lilipindwa mfano wa herufi S. Kila choo kinapovutwa, maji kiasi hubaki pale penye kona, yakawa kizuizi: uchafu unapita kwenda chini, hewa haipiti kuja juu. Chungulia chini ya sinki lako leo, utaiona kona hiyo hiyo. Na bafu la chumba cha wageni likianza kunuka baada ya kukaa miezi miwili bila kutumika, usikimbilie dukani kununua marashi. Huenda maji ya kwenye kona yamekauka. Mimina jagi moja tu, mlinzi atarudi kazini.

Lakini hapa historia inatupa kitendawili. Vyoo vya kuvuta maji vilipoenea London, nyumba zilipona na mji ukaugua. Zamani kila nyumba ilikuwa na shimo lake, na watu wa usiku walikuja kulichota. Vyoo vipya viliyajaza mashimo hayo maji hadi yakafurika. Kuanzia mwaka 1848 wakuu wa mji waliamuru mashimo yafungwe na nyumba ziunganishwe na mifereji iliyojengwa kwa ajili ya maji ya mvua. Na mifereji ile ilimwaga wapi? Katika mto Thames, ambamo wakazi wengi walipata maji ya kunywa. Harufu ilitolewa chumbani ikapelekwa mtungini. Kipindupindu cha mwaka 1848 na 1849 kiliua watu wapatao 14,000 mjini humo, na kilichofuata mwaka 1853 na 1854 kikaua zaidi ya 10,000.

Wakubwa wa siku zile waliamini kwamba harufu mbaya ndiyo ugonjwa wenyewe. Daktari mmoja, John Snow, aliwapinga. Mwaka 1854 alionyesha kwamba waliokufa katika mtaa wa Broad Street walikuwa wakinywa maji ya pampu moja. Ugonjwa, alisema, umo katika maji. Wachache walimsikiliza.

Ndipo likaja joto la Juni 1858. Mto ulichemka kwa uvundo, na jengo jipya la Bunge liko ukingoni mwa mto huo huo. Mapazia ya Bunge yalilowekwa katika chokaa yenye klorini ili kuizuia harufu. Haikuzuilika. Benjamin Disraeli, aliyekuwa Waziri wa Fedha, aliripotiwa kutoka chumba cha kamati mbio, leso puani. Maskini wa London walikuwa wamekufa kwa maelfu, na miaka ikapita katika mabishano juu ya nani atalipa. Pua za waheshimiwa zilipoguswa, sheria ya kujenga mfumo mpya ilipita kwa siku 18 tu. Daktari Snow hakuiona. Alifariki tarehe 16 Juni mwaka ule, katikati ya uvundo ule ule.

Kazi alikabidhiwa mhandisi Joseph Bazalgette. Alijenga mifereji mikuu ya matofali yenye urefu wa kilomita 132, ikiyakinga maji machafu kabla hayajafika mtoni na kuyapeleka mashariki, nje ya mji. Wakubwa walidhani wanafukuza harufu, kumbe walikuwa wanayaokoa maji. Walikosea sababu, wakapatia dawa. Uthibitisho ulikuja mwaka 1866, kipindupindu kiliporudi mara ya mwisho na kuua maelfu upande wa mashariki ya London, mahali ambapo mfumo mpya ulikuwa haujakamilika.

Je, hapo vita viliisha? La hasha. Uchafu ulimwagwa mtoni mbele kidogo ya mji. Mwaka 1878 meli ya abiria, Princess Alice, ilizama karibu na hapo muda mfupi baada ya maji machafu kufunguliwa, na zaidi ya watu 600 wakafa katika maji yale. Kuanzia mwaka 1887 tope la choo lilipakiwa melini na kumwagwa baharini, na mtindo huo haukukoma hadi mwaka 1998. Kwa zaidi ya karne moja, mji tajiri kama ule uliendelea kusukumia uchafu wake mbele kwa mbele.

Sasa tugeukie kwetu Afrika, maana tiba moja iliyo bora ilizaliwa hapa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika maabara ya utafiti ya Blair katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, mtaalamu Peter Morgan alikitazama choo cha shimo na kuuliza jinsi ya kuondoa harufu pasipo na maji ya bomba. Jibu lake lilikuwa bomba refu la hewa lililosimama kutoka shimoni hadi juu ya paa. Upepo ukipita juu ya mdomo wa bomba huinyonya hewa ya shimoni, na hewa safi ikashuka kupitia tundu la choo. Ndani kuna giza, hivyo nzi hufuata mwanga wa bombani, wakanaswa na wavu uliowekwa juu. Mwaka 1973, wakati kazi hiyo inaanza, Tanzania ilikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu karibu milioni 2 walikaa vikundi vikundi kando ya redio, wakasikiliza na kwenda kuchimba vyoo. Peter Morgan alipewa Tuzo ya Maji ya Stockholm mwaka 2013.

Sasa nimjibu msikilizaji wangu wa Sinza. Choo cha gari-nyumba kinalindwa na mambo hayo hayo mawili: maji ya Cumming na bomba la Morgan. Tangi liko chini ya sakafu, na bomba la hewa linapanda hadi juu ya paa. Bomba likiziba, harufu hutafuta njia ya ndani. Mpira unaofunga tundu la choo ukichakaa, maji machache yanayopaswa kubaki juu yake huvuja, na mlango unakuwa wazi. Ukiwasha feni ya paa huku unavuta choo, feni huinyonya hewa ya tangini na kuwaletea mliomo ndani. Na kosa kubwa la wageni ni kubania maji na kuacha koki ya tangi wazi: maji hukimbia, kinyesi kinabaki na kuganda kama kichuguu. Kwa miaka mingi wengi walimimina fomalini, dawa ile ya kuhifadhia maiti. Inaua harufu kwa kuua vijidudu, lakini ikifika katika shimo la maji taka inawaua na wale wanaoozesha uchafu, kwa hiyo kambi nyingi zimeikataa. Maji ya kutosha, koki iliyofungwa, mpira mzima na bomba safi vinatosha.

Ndugu msikilizaji, sikuleta habari hizi kwa ajili ya watalii peke yao. Harufu ni mjumbe. Hewa ya haidrojeni salfaidi, ile inukayo kama yai viza, pua huihisi hata ikiwa kidogo sana. Ikizidi, inapooza uwezo wa kunusa, mtu akadhani imekwisha, kumbe hapo ndipo inapoua. Ndivyo wanavyokufa wazibua mashimo. Mmoja anashuka na kuanguka, mwenzake anashuka kumwokoa, naye haamki. Dar es Salaam tunawaita vyura vijana hao wanaoingia shimoni usiku na ndoo. Tunawacheka kwa jina, asubuhi tunatumia choo walichotuzibulia. Pampu za mkono zinazonyonya tope bila mtu kuingia shimoni zipo. Kumteremsha kijana wa watu shimoni ni kuokoa fedha kwa pumzi yake.

Na mvua zikinyesha, tunajua kinachofanyika mabondeni. Mtu anatoboa shimo lake gizani, maji ya mvua yanabeba, yeye anasema ametapisha choo. Hajatapisha chochote. Amefanya walichofanya wakuu wa London mwaka 1848: amekihamishia kisima cha jirani. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na kipindupindu hakiulizi shimo lilikuwa la nani.

London ilisubiri hadi uvundo uingie Bungeni. Sisi tusisubiri. Wakazi wa mtaa mmoja wakichanga, gari la kunyonya maji taka linamudika kuliko jeneza. Hadi juma lijalo, kwaheri.