Maua ya Ukingo wa Maruba

Msafiri atokaye Ulaya, aliyezoea kungoja miezi ya joto ndipo atoke kutazama maua ya mwituni, akifika Machakos hana budi kuiweka kando kalenda ya kwao, kwa maana ua la huku halingoji jua, hungoja mvua. Na mvua ambayo Wakamba huitumaini zaidi si ya masika, bali ni ya vuli, ianzayo Oktoba ikaendelea hata Desemba. Wakati huo atembeaye alfajiri kando ya bwawa la Maruba, ambalo mji hupata maji yake humo, huikuta miguuni pake kongwa, yenye petali mbili za samawati mfano wa masikio ya panya. Ukikibinya kikombe chake cha kijani hutoka tone la ute mwangavu, na adhuhuri ikiwadia ua limekwisha jifumba.

Aghalabu mgeni hudhani kwamba uzuri huu umekuwapo tangu azali bila mkono wa mtu. Hasha! Mji wenyewe, uliopata jina kwa mzee Masaku, ulikuwa makao ya utawala wa Waingereza hadi 1899 walipohamia Nairobi. Kisha walowezi wakatwaa nchi tambarare, Wakamba na mifugo yao wakabanwa vilimani, na ilipofika miaka ya 1930, kwa ukame na msongamano, udongo ulikuwa ukichukuliwa na kila mvua, makorongo yakabaki mekundu kama vidonda. Serikali ikaona dawa ni kuwapunguza ng'ombe kwa nguvu. Ndipo mwaka 1938 Muindi Mbingu, kiongozi wa Wakamba, alipouongoza umati wa waume, wake na watoto kwa miguu hadi Nairobi, wakapiga kambi huko majuma kadhaa, hata amri ikalegezwa, ingawa yeye mwenyewe alihamishiwa Lamu.

Lililoiponya nchi ni jembe. Vikundi vya mwethya, yaani vya Wakamba wasaidianao kazi, na wengi wao wanawake, vilichimba mifereji iliyofuata usawa wa mlima, udongo ukitupwa upande wa juu na majani kupandwa juu ya tuta ili yaushike. Kazi hiyo ikaitwa fanya juu, jina la Kiswahili ambalo wataalamu wa udongo wa nchi za mbali hulitamka vivyo hivyo hata leo. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, katika kitabu chao cha 1994, walionyesha kwamba tangu miaka ile ya 1930 watu wa Machakos wameongezeka zaidi ya mara tano, ilhali mmomonyoko umepungua.

Katika tuta mojawapo la namna hiyo, juu kidogo ya maji, nililiona ua jekundu lenye kingo za manjano, petali zake zimepinduka kuelekea juu kama ndimi za moto, na kila jani limejisokota nchani likashika unyasi wa jirani yake ili shina lisianguke.